Askari, Njaa na Nyama ya Porini: Somo la Uganda na Kongo

Mwaka 2020 tembo wapatao 580 walivuka mpaka kutoka Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, nchini Uganda, wakaingia Hifadhi ya Taifa ya Virunga, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wataalamu wa wanyama walilishangilia jambo hilo, kwa sababu kwa miaka mingi eneo hilo la Kongo lilikuwa limebaki karibu tupu. Mnyama hajui bendera wala forodha, lakini mlio wa bunduki anaujua vizuri sana. Palipo na vita hukimbia, na panapotulia hurudi.

Yafaa basi kuuliza ni nani aliyewakimbiza wanyama wa pande zile. Watu wengi hudhani kwamba adui mkubwa wa mnyama wa porini ni mwanakijiji mwenye mkuki na mtego wa waya. Mwanakijiji huyo yupo, na madhara yake si haba. Lakini historia ya Uganda na Kongo kwa nusu karne iliyopita inaonyesha kwamba maangamizi makubwa kabisa yaliletwa na watu waliokuwa na bunduki za vita mikononi: askari wa majeshi ya serikali, askari walioasi, na wanamgambo wa msituni. Kwa hiyo jambo hili linawahusu askari na polisi kuliko linavyowahusu wengine.

Hifadhi hizo mbili zinapakana katika Ziwa Edward. Virunga iliundwa mwaka 1925, wakati wa utawala wa Wabelgiji, nayo ni hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Ile ya Uganda iliundwa mwaka 1952. Kati ya Ziwa Edward na Ziwa George pana mfereji wa asili uitwao Kazinga, na katika maji hayo yote waliishi viboko wengi ajabu. Hesabu iliyofanywa upande wa Kongo mwaka 1974, nchi hiyo ilipokuwa ikiitwa Zaire, ilionyesha viboko karibu 29,000. Hapakuwa na mahali pengine duniani palipojulikana kuwa na viboko wengi kiasi hicho.

Kiboko mzima aweza kuwa na uzito wa kilo 1,500 na zaidi. Usiku hutoka majini akala majani nchi kavu, mchana hurudi majini akatoa samadi yake humo. Samadi hiyo huyarutubisha maji, na viumbe vidogo vinavyostawi humo huwa chakula cha samaki. Ndiyo maana wavuvi wa Vitshumbi na Kyavinyonge, vijiji vilivyo kando ya ziwa upande wa Kongo, walijua tangu zamani kwamba penye viboko pana ngege. Kwao kiboko alikuwa mchungaji wa samaki zao.

Isidhaniwe kwamba kula nyama ya porini ni jambo lililokuwa haramu siku zote. Afrika imekula nyama hiyo tangu kale. Hata katika hifadhi ile ya Uganda, kuanzia mwaka 1957 wakuu wa hifadhi waliona kuwa viboko wamezidi malisho na ardhi inachakaa, wakaamuru wapunguzwe kwa hesabu, na nyama yao ikauzwa kwa wananchi. Lakini kazi ile ilifanywa kwa idadi iliyopangwa, chini ya uangalizi wa wataalamu, na ilikuwa na mwanzo na mwisho. Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mavuno na uporaji. Mvunaji huacha mbegu. Mporaji haachi kitu.

Isidhaniwe pia kwamba kuwahifadhi wanyama ni fikra iliyoletwa na wageni. Kwa Waganda kila ukoo una mwiko wake, na wengi wa miiko hiyo ni wanyama. Uko ukoo wa kiboko, uko wa tembo, wa simba, wa chui, wa mbega, na uko ukoo wa Lugave, yaani kakakuona, mnyama ambaye siku hizi anawindwa kwa magendo ya kupeleka magamba yake ng'ambo. Mtu wa ukoo fulani hali mnyama wa ukoo wake, wala hamdhuru. Kwa hiyo wazo la kwamba kuna mnyama asiyepaswa kuingia chunguni lilikuwapo kabla ya kuwapo sheria yoyote ya hifadhi. Kilicholeta chuki ni namna hifadhi zilivyoundwa wakati wa ukoloni. Mwananchi aliondolewa katika ardhi yake, akaitwa jangili kwa kuwinda palepale alipowinda babu yake, huku akimwona mgeni tajiri akiruhusiwa kuua kwa starehe. Akaona kwamba mnyama ni mali ya serikali, na mali ya serikali iliyo mbali haina mwenye uchungu nayo.

Juu ya msingi huo dhaifu yakaja majanga ya miaka ya 1970. Idi Amin aliitwaa Uganda kwa nguvu mwezi Januari 1971, na muda si muda nidhamu ya jeshi ikavunjika. Askari waliingia katika hifadhi na silaha za kivita, wakaua tembo kwa ajili ya pembe na wanyama wengine kwa ajili ya nyama. Katika hifadhi ya maporomoko ya Murchison, iliyokuwa ikiitwa Kabalega wakati huo, palikuwa na tembo zaidi ya 14,000 mwaka 1973. Hesabu ya mwaka 1980 ilikuta kama 1,400 tu. Katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyowahi kuwa na maelfu ya tembo, mwaka huo walibaki karibu 150. Faru wa aina zote mbili walikwisha kabisa nchini Uganda kufikia mwaka 1983.

Hapa ipo sehemu ya historia ambayo haipendezi kusikiwa Tanzania, lakini ukweli haubagui msikilizaji. Baada ya majeshi ya Amin kuivamia Kagera mwezi Oktoba 1978, Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliingia vitani, likaikomboa nchi na kuuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Vita hiyo ilikuwa ya haki. Hata hivyo watafiti waliokuwapo katika hifadhi za Uganda katika miezi iliyofuata waliandika kwamba si askari wa Amin peke yao waliowapiga risasi wanyama. Baadhi ya askari wa Tanzania waliokaa huko nao waliwaua viboko na wanyama wengine kwa ajili ya nyama, na baada yao askari wa serikali mpya ya Uganda wakaendelea.

Kulitaja jambo hilo hakuondoi hata chembe ya heshima ya waliokufa vitani. Askari aliyemwaga damu yake kumkomboa Mganda hakuwa na sababu ya kumpokonya Mganda huyohuyo mali yake. Ng'ombe wa raia akichukuliwa, mwenyewe hulia na mkosaji hushtakiwa. Kiboko akichinjwa hakuna anayelia siku ile, na hilo ndilo linalowafanya watu wengi wenye dhamiri njema wadhani kwamba hakuna aliyeibiwa.

Aliyeibiwa alionekana baadaye, na mfano wake ulio wazi kabisa uko Kongo. Serikali ya Zaire ilipodhoofika, mishahara ya askari ikakoma kufika. Mwezi Septemba 1991 askari wasiolipwa waliipora miji, ukiwamo mji mkuu Kinshasa, na mwaka 1993 wakarudia. Askari waliokuwa karibu na Virunga walikuwa na ghala jingine la kupora. Mwaka 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia eneo la Goma, kando ya hifadhi, na mwaka huohuo Virunga ikatiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Mwaka 1996 vita ikaanza, na tangu hapo amani ya kweli haijarudi.

Matokeo yake yanajulikana kwa hesabu. Katika viboko 29,000 wa mwaka 1974, walipohesabiwa mwaka 2005 walikuwa hawafiki 900. Mwaka uliofuata wanamgambo wa Mai-Mai waliopiga kambi kando ya ziwa waliwaua mamia wengine kwa muda mfupi, wakauza nyama na meno. Mwaka huohuo wa 2006 kiboko aliingizwa katika orodha ya kimataifa ya wanyama walio katika hatari ya kutoweka, na sababu kubwa iliyotajwa ilikuwa kuangamizwa kwa viboko wa Kongo. Mnyama ambaye karibu miaka hamsini nyuma watu walilalamika kuwa amezidi, alikuwa ameliwa mpaka dunia ikashtuka. Nao wavuvi wa ziwa lile wakalalamika kwamba samaki wamepungua. Walijua sababu zake ni nyingi, zikiwamo nyavu haramu na wavuvi kuzidi, lakini walijua pia kwamba mchungaji wa samaki hayupo tena. Aliyekula kiboko alikuwa amekula pia kitoweo cha watu ambao hakuwahi kuwaona.

Wapo watakaosema kwamba askari mwenye njaa hana la kuchagua. Hoja hiyo haifai kupuuzwa, kwa kuwa njaa ni kitu cha kweli. Lakini ipimwe. Kiboko mmoja hutoa nyama ya mamia ya kilo. Platuni ya askari 30 haiwezi kuimaliza kabla haijaoza, kwa sababu porini hakuna jokofu. Kwa hiyo nyama iliyobaki hukaushwa kwa moshi, na iliyokaushwa hutafutiwa mnunuzi. Akipatikana mnunuzi, safari ya pili haifanywi tena kwa sababu ya njaa bali kwa sababu ya fedha. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali: jambo lilianza kwa sufuria ya kambi, likaishia sokoni. Afisa aliyelifumbia macho siku ya kwanza, siku ya kumi anakuta kwamba risasi za taifa zimekuwa mtaji wa watu wachache, na amri zake hazisikiki tena.

Ipimwe pia kwa upande wa mnyama. Kiboko jike huchukua mimba miezi minane, huzaa mtoto mmoja, na kwa kawaida hupita miaka miwili hivi kabla ya kuzaa mwingine. Tembo ni mzito zaidi wa kuzaa, kwani mimba yake hukaa karibu miezi 22. Bunduki inayofyatua risasi nyingi kwa mara moja yaweza kumaliza kundi zima asubuhi moja, na kundi hilo likahitaji maisha ya mtu mzima kurudi lilivyokuwa. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Sembuse anayelipindua buyu lenyewe.

Kuna na hatari ya afya, ambayo askari hana budi kuijua. Mwaka 2004 ugonjwa wa kimeta uliwaua viboko wengi katika Hifadhi ya Queen Elizabeth. Mwezi Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 walikutwa wamekufa kwa kimeta katika Mto Ishasha, upande wa Virunga, mizoga yao ikielea majini. Kimeta humwambukiza mtu anayechuna, anayekata na anayekula mnyama mwenye ugonjwa huo, na vijidudu vyake hukaa ardhini miaka mingi. Mnyama aliyekutwa amekufa si bahati. Kikosi kinachojigawia nyama isiyokaguliwa kinaweza kupoteza watu wengi kuliko kingepoteza katika mapambano.

Ndugu wasikilizaji, yote hayo yangekuwa simulizi ya huzuni tupu kama mambo yasingebadilika. Lakini yamebadilika, na Uganda yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1996 nchi hiyo iliunganisha idara zake za wanyama ikaunda mamlaka moja. Ikawekwa sheria kwamba asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudishwe kwa wananchi wanaopakana nazo, ili mnyama aliye hai ajenge shule na zahanati. Mwaka 2017 ilianzishwa mahakama maalumu ya kesi za wanyamapori, na sheria ya mwaka 2019 ikaruhusu adhabu ya hata kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio hatarini. Mwezi Oktoba 2022 mahakama hiyo ilimhukumu kifungo cha maisha mtu aliyekutwa na meno ya tembo, baada ya kuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo siku za nyuma.

Matunda yake yanaonekana. Tembo wa Uganda nzima, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa kiasi cha 2,000, wamefikia karibu 8,000. Faru weupe walirudishwa katika eneo la Ziwa, wilayani Nakasongola, kuanzia mwaka 2005: wanne kutoka Kenya na wawili kutoka Marekani. Mwaka 2009 akazaliwa mtoto wa kwanza, na sasa wamepita 40. Lakini yafaa ikumbukwe gharama yake. Nchi iliyokuwa na faru wake wa bure ililazimika kuwaleta wengine kwa ndege kutoka ng'ambo, na faru hao wanalindwa na askari usiku na mchana. Kulinda alichonacho mtu ni rahisi kuliko kukinunua upya.

Rwanda nayo imefuata njia hiyo. Asilimia kumi ya mapato ya hifadhi zake hupewa wananchi wa jirani, na tangu mwaka 2017 mgeni anayetaka kuwaona gorila wa milimani hulipa dola 1,500 kwa ziara moja. Gorila hao, walioko katika nchi tatu za Rwanda, Uganda na Kongo, walitangazwa mwaka 2018 kuwa wamepita 1,000, baada ya miaka ambayo wengi walidhani watakwisha. Kwa mwananchi wa kando ya msitu, gorila aliye hai anaingiza fedha kila mwaka, na aliyekufa hashibishi watu siku mbili.

Hata hivyo sheria kali peke yake haibadilishi moyo wa mtu. Mkulima aliyelala bila kitu kwa sababu tembo wamemaliza mahindi yake hatawapenda tembo kwa kusomewa kifungu cha sheria. Anahitaji kusikilizwa, kulipwa kifuta machozi, na kusaidiwa kulinda shamba. Tanzania inalijua somo hili kwa pande zake mbili. Mwaka 1989, miaka kumi tu baada ya vita ya Uganda, jeshi, polisi na askari wa wanyamapori walishirikiana katika Operesheni Uhai, wakati tembo wa Selous, waliopita 100,000 mwaka 1976, walipokuwa wameshuka hadi karibu 30,000. Operesheni hiyo iliupunguza sana ujangili, na ilionyesha kwamba bunduki ileile inayoangamiza yaweza kulinda ikishikwa na mtu mwenye nidhamu. Lakini mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilisimamishwa kabla ya kumaliza kazi yake, kwa sababu ya vitendo vya ukatili walivyotendewa raia, na mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao. Anayemtesa mwananchi kwa jina la kumlinda tembo anamwongezea tembo maadui.

Huko Kongo hali bado ni nzito, na sehemu kubwa ya Virunga imo mikononi mwa makundi yenye silaha. Askari wa hifadhi hiyo zaidi ya 200 wameuawa kazini. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake waliuawa askari wa hifadhi 12, pamoja na raia, karibu na makao yao makuu ya Rumangabo. Askari wa Tanzania wanaijua nchi hiyo, kwani wamekwenda Kivu ya Kaskazini kulinda amani tangu mwaka 2013, na mwezi Desemba 2017 wenzao 15 walipoteza maisha katika shambulio la kambi ya Semuliki. Kila anayekwenda kulinda amani ugenini hubeba jina la nchi yake. Raia wa huko humpima kwa ushujaa wake, na humpima pia kwa kile kinachochemka jikoni mwake.

Mkuu wa kikosi ana wajibu wake katika jambo hili. Chakula kifike kwa wakati, maana bohari tupu ni mwanzo wa uvunjaji wa amri. Risasi zihesabiwe zinapotoka na zinaporudi, na nyama isiyojulikana ilikotoka isiingie bwaloni, hata kama imeletwa kwa jina la zawadi. Polisi aliye kizuizini naye ajue kuuliza. Tanzania imeruhusu mabucha ya nyamapori yenye leseni, kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2020, kwa hiyo si kila nyama ya porini ni ya wizi. Halali ina kibali na haramu haina. Gari likaguliwe, liwe la mfanyabiashara au la serikali, kwa kuwa majangili hupenda kujificha nyuma ya namba ya gari isiyosimamishwa.

Ziwa Edward limeonyesha kwamba watu wenye silaha wanaweza kumaliza kwa miaka thelathini kilichokuwapo kwa maelfu ya miaka. Uganda imeonyesha kwamba kizazi kinachofuata kinaweza kurekebisha sehemu ya makosa hayo, kikitaka. Kati ya mambo hayo mawili amesimama askari na bunduki yake, na amri ya kufyatua au kutofyatua ni ya kwake na ya mkuu wake.